Elimu ya kisukari kando ya kitanda: mapitio ya huduma ya hospitali moja ya rufaa katika ukanda wa pwani

Huduma ninayoizungumzia haina bango wala dirisha la kulipia. Hutolewa na wauguzi wawili wa kitengo cha kisukari cha hospitali moja ya rufaa katika ukanda wa pwani ya Tanzania, na walengwa wake si wale wanaohudhuria kliniki ya nje, bali wagonjwa waliolazwa: wapo waliokuja kwa homa, kwa kidonda au kwa ajali na sukari yao ikagundulika iko juu, na wapo waliolazwa kwa sababu ya kisukari chenyewe. Muuguzi huja kitandani, huuliza kwanza, na mafunzo atakayotoa baadaye huyapima kwa majibu aliyopata, yaani mlo wa mgonjwa, kazi yake, macho yake, ibada yake, mfuko wake na watu anaoishi nao. Niliifuatilia kwa karibu kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza mjomba wangu alipolazwa wodi ya wanaume. Jina la hospitali nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza si ya kupendeza, na kasoro zenyewe ni za mpangilio wa kazi kuliko za mtu mmoja.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari anahitaji kujua kwanza utaratibu uliozoeleka ni upi. Asubuhi, kabla ya vipimo, wagonjwa wote hukusanywa, muuguzi husimama mbele na kuwafundisha kwa pamoja: punguzeni wanga, fanyeni mazoezi, msiache dawa, msitembee peku. Hakuna neno la uongo humo. Tena kwa nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kufundisha kwa pamoja kunaeleweka, kwani wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Tatizo ni kwamba somo hilo hilo hupewa binti wa miaka 19 anayejidunga insulini tangu utotoni, na bibi wa miaka 75 ambaye figo zake zimeanza kuchoka, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba yote aliyoyasikia yanamhusu.

Mjomba alikuwa ameyasikia masomo hayo kwa miaka mingi, na aliyatii. Alifikishwa hospitali akiwa na homa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, na kipimo cha sukari badala ya namba kiliandika HI, maana yake sukari ilikuwa juu kuliko kiwango ambacho mashine ile ingeweza kusoma. Baada ya hali yake kutulia, sista wa kisukari alikuja, akaamkia, akavuta kiti na kukaa. Hilo la kukaa nimelitaja kwa sababu ndani ya wodi ile sikumwona mhudumu mwingine akikaa. Hakuuliza kama mzee anajua kisukari ni nini. Aliuliza siku ya kawaida, kabla ya kuugua, mzee huamka saa ngapi, hula nini kwanza, chakula hicho hupikwa na nani, na dawa humeza akiwa wapi.

Majibu yalinishangaza hata mimi niliyeishi naye. Mjomba alikuwa akimeza vidonge viwili vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi, alfajiri kwa chai kavu, kisha anakwenda kwenye shamba lake la minazi, na mlo wa kwanza wa maana huupata alasiri akirudi. Sista akauliza kama kuna nyakati huko shambani hutokwa jasho, hutetemeka au huhisi njaa kali ya ghafla. Mzee akasema ndiyo, karibu kila siku kuelekea adhuhuri, lakini ni joto tu, na dawa yake ni kukaa chini ya mnazi na kunywa dafu. Kwa wenye ujuzi, picha ilikuwa wazi: glibenklamidi hulifanya kongosho litoe insulini bila kujali kama tumboni kuna chakula, hivyo mtu akiimeza na kukaa na njaa sukari hushuka, na kwa wazee hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kwa miaka yote hiyo aliambiwa asikose dawa, naye hakukosa. Hakuna aliyemuuliza anaimeza akiwa amekula nini. Nikiulizwa thamani ya huduma hii ipo wapi, nitaonyesha swali hilo moja, kwa maana hakuna bango lolote ukutani ambalo lingemfumbulia mjomba jambo hilo.

Daktari aliiondoa glibenklamidi na kumwanzishia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 (sehemu 30 ya kufanya kazi haraka na 70 ya polepole), asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipoanza, na hapo pia nikaona tofauti ya kumfundisha mtu na kufundisha somo. Sista alimpa mzee chupa na bomba la sindano akamwomba avute uniti 18. Mjomba husoma msahafu wake wa maandishi makubwa kila siku na hakutaka kuonekana haoni, kwa hiyo alivuta bila kusita, na alichokivuta kilikuwa zaidi ya 20. Bomba lile la mililita moja lina uniti 100, na kila mstari mdogo ni uniti 2. Kwa macho yenye mtoto wa jicho mistari hiyo imebanana mno. Sista hakumkaripia wala hakumwambia atafute miwani. Alileta bomba la nusu mililita, lenye uniti 50, ambalo mistari yake imeachana na kila mmoja ni uniti 1, akamwomba arudie. Alipoona bado anabahatisha, akauliza nyumbani ni nani mwenye macho mazuri na mkono usiotetemeka. Jibu lilikuwa mjukuu wa darasa la saba. Kuanzia siku iliyofuata somo la kuvuta dawa lilihamia kwa mkaza mjomba na mjukuu huyo, ambao waliombwa waje mapema kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Mzee akabaki na somo la kujidunga, kubadilisha sehemu za tumbo na mapaja, na kuibingirisha chupa taratibu kati ya viganja hadi dawa iwe na weupe wa sare, bila kuitikisa.

Kila somo lilimalizika kwa njia moja. Sista alisema, "Mzee, hebu nieleze mimi kama unamweleza mtu wa nyumbani ambaye leo hakuwepo." Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya yale wagonjwa wanayoelezwa na wahudumu wa afya husahaulika papo hapo, na mimi nililiona hilo kwa macho yangu: mzee aliyekuwa akiitikia "naam, naam" kwa ufasaha alipotakiwa kueleza alianza kwa kusema insulini hudungwa baada ya kula. Sista alirudi nyuma, akaeleza upya kwa maneno mengine, akamsikiliza tena. Hakutumia maneno "umeelewa?" hata mara moja, nami nadhani alikuwa na sababu, kwani kwetu mtu mzima akiulizwa hivyo na kijana hujibu ndiyo ili asimvunjie adabu.

Kuhusu kuhifadhi dawa, aliuliza kama nyumbani kuna friji. Ipo, kwa jirani. Muuguzi mwingine angeandika "ndiyo" na kuendelea. Huyu akauliza umeme ukikatika siku mbili itakuwaje, na jirani akisafiri ufunguo anaachiwa nani. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na iliyofunguliwa inaweza kukaa nje kwa muda wa wiki 4 hivi mradi joto lisizidi nyuzi 30, sharti ambalo pwani yetu katika miezi ya kaskazi hulivunja mchana kutwa. Akamfundisha mkaza mjomba kutumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, vyote vikiwekwa kivulini penye upepo. Akamwonya pia asikubali jirani aiweke dawa kwenye kisanduku cha barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imekwisha kuharibika hata ikiyeyuka. Tarehe ya kufungua chupa iandikwe kwa kalamu kwenye lebo. Mambo haya yanajulikana na kila mhudumu wa kisukari, lakini sijapata kuyasikia yakielezwa kwa kufuata ramani ya nyumba ya mgonjwa.

Chakula ndicho kilichochukua muda mrefu kuliko yote, na ndipo pia vifaa vya hospitali vilipoaibika. Bango la lishe lililotundikwa wodini lilikuwa na picha za tufaha, brokoli na mkate wa ngano nzima uliokatwa vipande. Sista hakulitazama. Anatumia kanuni ya sahani, ambayo ni rahisi na nzuri: nusu ya sahani mboga za majani, robo wanga, robo samaki, maharage au nyama. Alipomaliza kuichora kwenye karatasi, mkaza mjomba akasema kwa upole kwamba nyumbani kwao hakuna sahani ya mtu mmoja. Wanaume hula sinia moja, na wali wa nazi hupakuliwa kwa pamoja. Kanuni nzima ikawa haina pa kushika. Nilitarajia tuambiwe tuache sinia. Badala yake sista aliuliza mzee hukaa upande gani na nani hupakua, wakakubaliana kwamba mchicha na samaki wa mzee vitangulie kwenye bakuli lake, wali wake upimwe kwa kikombe kimoja kinachojulikana na uwekwe kwenye kisahani chake, naye aketi kwenye mkeka ule ule na wenzake. Mzee aliyeambiwa kula peke yake jikoni kama mgonjwa angevumilia juma moja tu.

Palepale zikaondolewa imani mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kwamba dona halina sukari, hivyo mtu anaweza kula tonge bila kuhesabu. Dona lina makapi zaidi ya sembe na ni bora kulila, lakini bado ni wanga, na tonge likizidi sukari hupanda. Ya pili ni ile ya chai isiyo na sukari inayosindikizwa na maandazi matatu.

Kitanda cha pili kutoka kwa mjomba alilala kijana mvuvi, mwembamba, mwenye aina ya kwanza ya kisukari, ile ambayo mwili hautengenezi insulini karibu kabisa. Yeye alifundishwa mambo tofauti kwa sauti tofauti. Kazi yake ni ya usiku, baharini, na nguvu anazotumia kuvuta nyavu huishusha sukari saa kadhaa baadaye, akiwa mbali na nchi kavu. Sista alimtaka apime kabla ya kupanda chomboni, asiondoke sukari ikiwa chini bila kula, na abebe sukari ya mezani ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza ili maji ya chumvi yasiingie. Sukari ikishuka chini ya 4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ale takriban gramu 15, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chai, asubiri dakika 15, apime tena, na ikiwa bado iko chini arudie. Kisha likaja swali ambalo kijana hakulitegemea: wenzako chomboni wanajua una kisukari? Hawakujua; alihofia nahodha atamwacha ufukweni. Walilizungumza hilo kwa muda mrefu kuliko walivyozungumzia dawa, na matokeo yake ni kwamba mwenzake mmoja aliitwa wodini akafundishwa dalili, na akafundishwa pia kwamba mtu aliyepoteza fahamu hamiminiwi kitu mdomoni, awe nani na kiwe nini.

Upande wa pili wa wodi kulikuwa na mzee dhaifu mwenye matatizo ya figo, na kwake lengo lenyewe la sukari lililegezwa. Kwa watu wazima wengi madaktari hulenga HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama 3, iwe chini ya asilimia 7. Kwa mzee mwenye maradhi mengi inakubalika kubaki chini ya 8, kwa kuwa kumbana zaidi kunaweza kumwangusha kwa sukari kushuka. Mwanawe aliyekuwa akimkaripia kwa kila kijiko cha uji alielezwa hivyo kwa upole, na nafikiri hilo lilimsaidia mwana kuliko baba.

Mjomba aliuliza kuhusu Ramadhani kabla sista hajaigusa. Somo la benchi husema wagonjwa wa kisukari wasifunge, basi, na matokeo yake, kama kila mtu wa pwani anavyojua, ni wazee wanaofunga kwa siri huku wakiendelea kudunga kipimo cha asubuhi kama kawaida. Sista hakuitoa fatwa. Alisema anayetumia insulini na mwenye kidonda yumo katika kundi la hatari, kwamba uamuzi ufanywe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama kwa sababu vipimo vya dawa vitabadilika, na kwamba akiwa amefunga kisha sukari ikashuka chini ya 3.9 au ikapanda zaidi ya 16.6, afungue papo hapo hata kama magharibi imekaribia. Akaongeza kwamba kujitoboa kidole ili kupima hakufunguzi, jambo ambalo mjomba alikuwa akiliogopa. Mzee aliridhika. Hakuahidi kitu, lakini alitaja mwenyewe kwamba atamwona daktari katika mwezi wa Rajabu.

Somo la miguu nalo lilikuwa zuri. Alimgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki unaojikunja kwa mgandamizo wa gramu 10, mzee akiwa amefumba macho, na tukaona kwamba kwenye vidole vyote vya mguu wa kushoto hakuwa akihisi kitu. Kisha yakaja maswali ya mahali. Unatawadha mara ngapi, na baada ya kutawadha vidole hukaushwa? Viatu unavivua wapi msikitini, na saa saba mchana baraza lina joto gani? Unalala kitandani au chini? Kuna panya? Mjomba alicheka kwa hilo la panya, lakini si mzaha: mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Zulfiqarali Abbas aliyeitumikia fani ya miguu ya wagonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, walichapisha taarifa za wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usingizini bila kuhisi, wakaamkia vidonda. Mzee alishauriwa alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, avae soksi, na mjukuu amkague nyayo kila jioni.

Sasa kasoro, ambazo ni nzito kiasi cha kuipunguzia huduma hii alama.

Kubwa kuliko zote ilikuwa karatasi. Mwishoni mwa mafunzo sista humwandikia mgonjwa ukurasa mmoja wenye mpango wake, na wa mjomba ulisema uniti 18 asubuhi. Siku mbili kabla ya kuruhusiwa, homa ikiwa imeondoka na sukari imeanza kuteremka, daktari wa wodi alipunguza hadi 14 na kuandika hivyo kwenye fomu ya ruhusa. Hakuna aliyemjulisha sista. Tuliondoka na karatasi mbili zenye namba mbili, na kama mkaza mjomba asingezilinganisha wakati wa kufungasha, mzee angedungwa kwa ile yenye mwandiko mzuri zaidi. Mafunzo yaliyopimwa kwa mtu mmoja yana hatari hii ambayo somo la benchi halina: yakishaandikwa kwa namba zake, lazima yabadilike kila namba inapobadilika.

Pili, huduma haipo mwisho wa wiki. Kijana mvuvi aliruhusiwa Jumamosi, kwa sababu vitanda vilihitajika, kabla ya somo la kupima kwa mashine yake mwenyewe. Alipewa kipeperushi. Sijui nani aliamua, lakini ruhusa ilitolewa bila kuuliza kitengo cha kisukari kama kimemaliza, wakati miongozo ya utabibu inataka maandalizi ya kurudi nyumbani yaanze tangu mgonjwa anapolazwa.

Suala la mashine lilimgusa mjomba pia. Wodini alifundishwa kwa kipimo kinachosoma kwa milimoli, na akazoea kwamba 8 ni nzuri na 15 ni mbaya. Nyumbani ilikuwa inamsubiri mashine aliyotumiwa na mwanawe kutoka Dubai, inayosoma kwa miligramu. Siku ya kwanza ilionyesha 160, na nyumba nzima ikapiga kelele. Ni chini kidogo ya 9 kwa hesabu ya hospitali, maana miligramu hugawanywa kwa 18. Swali la "nyumbani mtapima kwa mashine gani?" halimo kwenye fomu ya sista, nami naliona ni pengo la ajabu katika huduma iliyojaa maswali mazuri.

Lingine ni faragha. Maswali yote huulizwa kitandani, na vitanda vimekaribiana kiasi kwamba jibu la mmoja ni habari ya wanne. Kisukari huwapunguzia wanaume wengi nguvu za kiume, na baadhi yao huacha dawa wakidhani ndizo zinazowadhuru. Sista aliligusia kwa kuzunguka. Mzee akakohoa na kutazama dirisha. Chumba kidogo cha kubadilishia vidonda kilikuwa kitupu kila alasiri, na kingetosha. Kwa swali hilo pia ingefaa awepo muuguzi mwanamume.

Mwisho, hospitali bado inahesabu elimu kwa sahihi. Kila Jumatano kuna mafunzo ya pamoja ukumbini, wagonjwa wanaoweza kutembea hupelekwa huko na kutia sahihi daftarini, na kwa nilivyoelewa daftari hilo ndilo linaloingia kwenye ripoti ya mwezi. Nusu saa ya sista kando ya kitanda cha mjomba haikuandikwa popote isipokuwa kwenye ile karatasi. Ikiwa uongozi utapunguza wafanyakazi, kitakachoonekana hakifanyi kazi ni hicho kisichoandikwa, na hapo itabaki Jumatano peke yake.

Pamoja na hayo naipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeizuia kwa sababu ya zile karatasi mbili. Tangu arudi nyumbani, sukari ya mjomba ya asubuhi imekuwa ikicheza kati ya 7 na 9, jasho la adhuhuri limekoma, na sinia halijavunjwa. Kidonda bado kinasafishwa kwenye kituo cha afya cha jirani, ambako muuguzi wa zamu hakuwa na taarifa yoyote ya mafunzo aliyopata na alianza upya na bango la tufaha.

Kwa atakayelazwa au kumuuguza mtu hospitalini hapo, au penye huduma kama hiyo: ombeni kuonana na sista wa kisukari mapema, siku za kazi, wala msingoje siku ya ruhusa. Anayepika na atakayevuta dawa waje pamoja, na wasitume salamu. Leteni mashine yenu ya kupimia na vipande vyake, vidonge vyote mnavyotumia pamoja na vya kienyeji, na kikombe mnachopimia wali. Siku ya kuondoka linganisheni fomu ya daktari na karatasi ya sista, namba kwa namba, mbele ya mhudumu. Nakala ya karatasi hiyo kwa ajili ya zahanati hutolewa bila malipo, lakini haitolewi kwa asiyeiomba.